Daftari la Siku Nne

Mume alikuwa karani wa mahakama, mwandishi wa hati mkato. Miaka thelathini na mmoja maneno ya mawakili na washtakiwa yalipita mkononi mwake yakawa vijistari, nukta na mikunjo. Mkewe alishona sare za shule. Kila mume alipomwambia, "Njoo nikufundishe, mke wangu," alicheka.

"Hayo mabuu ya mbu? Niache na vifungo vyangu."

Kisha koo la mume likaugua, sauti ikamtoka. Hospitalini alipewa daftari na penseli. Mwanzoni aliandika kama watu wote. Siku nne za mwisho, homa ilipopanda, mkono ulirudia njia uliyoizoea: akaandika hati mkato, akamgeuzia mkewe daftari, akamtazama, akangoja. Naye, kwa aibu ya kusema sijui, na kwa kuogopa kumchosha, aliitikia kwa kichwa.

"Sawa, baba. Sawa. Nimeelewa."

Alizikwa. Wageni wakaondoka, viti vya kuazima vikarudishwa. Ndani vikabaki cherehani, kitanda kilichozidi upana, na swali moja: nilikubali nini?

Nyumba ya tatu aliishi katibu muhtasi mstaafu, mwanamke wa miwani ya kamba na ulimi mkali.

"Lete nikusomee. Dakika kumi tu."

"La, dada. Maneno ya mume wangu yapite kinywani mwako kabla hayajanifikia? Nifundishe."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na mitatu."

"Wanafunzi wangu walikuwa na kumi na tisa, na bado walilia."

"Mimi machozi nimeshayamaliza. Anza."

Mstari mwembamba una sauti yake, mnene una yake, na mkono wa mjane ulikandamiza yote sawasawa. Mwalimu alimgonga kidole kwa rula. Wiki ya tano ndipo alipokumbuka kwamba kuna mshono wa kushikiza na mshono wa kukaza, na mkono wake uliijua tofauti hiyo tangu usichana. Tangu hapo mistari ikaanza kumtii. Alichora taarifa ya habari ya redio kwa chaki juu ya kitambaa cha kaptula, akaifuta, akachora tena.

Wifi yake alimkuta hivyo Jumapili moja.

"Wifi, uzee huu shule? Utahitimu kaburini."

"Basi nitamkuta kaka yako, tutaandikiana."

Hakumwambia lililomshangaza mwenyewe: kwamba alikuwa akifurahi. Siku alipoona jinsi neno refu linavyokunjwa likaenea kwenye ukucha, alicheka kwa sauti, akageuka amwonyeshe mtu. Kiti cha pili kilikuwa na marundo ya kola.

Mwezi wa nane wa masomo, mchana, alifungua daftari la hospitalini. Mkono wa mgonjwa haukuwa na nguvu ya mistari minene, ikabidi akisie.

*Fungua dirisha.*

Chini yake: *Dirisha, tafadhali.*

Alilikumbuka dirisha lile na pazia lake la kijani. Yeye aliketi chini yake, mgongo umelielekea, akisema sawa, baba. Akafunua ukurasa. *Umekula?* Alisema sawa. *Mto umeteleza.* Sawa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja. Aliusoma mara tatu akitumaini amekosea.

*Kesho njoo mapema.*

Aliitikia, na mume akafumba macho kama mtu aliyeahidiwa. Kesho yake alikaa kwanza kumalizia sare za watu, mashati sita, akafika saa nne kama kawaida. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Alikaa na daftari mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akachonga penseli, na chini ya mstari ule akaandika neno moja, palipotaka wembamba pembamba, palipotaka unene panene: *Nimechelewa.* Mumewe angelisoma bila kusita.

Mlango ukagongwa. Mwalimu aliingia na rula yake, akaliona daftari wazi, akageuza uso pembeni.

"Umepata ulichokitafuta?"

"Nimekipata."

"Basi tumemaliza."

Mjane aliinua marundo ya kola kutoka kiti cha pili, akayaweka chini, akafungua dirisha.

"Kaa, dada. Ulisema mwezi huu tunaanza maneno themanini kwa dakika."