Sauti ya Maman Nabintu Ndani ya Carte Son

Mwaka wa 1996, nikiwa na miaka makumi mbili na tisa, vita iliingia Bukavu na taabu yangu ikaanza. Nilikuwa fundi wa transista soko ya Kadutu. Masomo yangu yaliishia darasa la ine. Fer ya kusoudé, chuma ya moto ya kuunganisha nyaya, nilijifundisha mwenyewe, na sikuungua kupita wale waliofundishwa.

Vita ya pili ndiyo ilinipeleka kazi ya radio. Siku ya kwanza, Maman Directrice, mukubwa wa radio, alinionyesha kompyuta. Mutu wa projet aliiwekea Linux, programu inayoiendesha, halafu akakimbia nchi. "Papa Technicien, huyu ndiye bibi yako, umeoa," akasema. "Akinyamaza, nitakuuliza wewe." Nikajifunza amri zake moja moja, bila mwalimu.

Vijana, muelewe: carte son ni kipande kinachogeuza namba za kompyuta kuwa sauti. Pilote ni programu inayoifundisha kompyuta kuongea na kile kipande. Bila pilote, uko na bubu juu ya meza.

Kazi yetu kubwa ilikuwa watu wanaotafutana. Kusoma majina hakukufaa. Porini kila mutu aliogopa kuitwa na asiyemujua. Basi tulirekodi muzazi mwenyewe akiita. Ndivyo alivyokuja Maman Nabintu wa Walungu. Aliita kwa Mashi, lugha ya kwao, watoto wake watatu waliopotea upande wa Bunyakiri: watoke, waende parokia, wasiogope. Nikamupa chai, akaenda.

Kesho yake asubuhi umeme ulikatika mara mbili, na kompyuta ikarudi bubu. Emission, kipindi cha watu wanaotafutana, ilikuwa saa sita. Nikaandika lsmod, amri inayoonyesha pilote zilizo kazini. Pilote iko. Nikaitoa, nikairudisha kwa modprobe. Kimya. Chef de programmes, musimamizi wa vipindi, akasimama mugongoni kwangu.

"Papa, hii si transista. Huwezi kuipiga kofi iamuke."

"Nikipiga kofi leo, halitaanguka kwa mashine."

Hapo mulango ukafunguka. Alikuwa ndugu ya Maman Nabintu. Akasema dada yake alipigwa risasi njia ya Kavumu, amekufa alfajiri. Mikono yangu ikabaki juu ya klavye. Mutu niliyemupa chai jana alikuwa mule ndani, sauti yake nzima, na yeye hayuko tena.

"Tuifute," Chef akasema pole pole. "Kwetu, mufu akiita, muzima anamufuata."

Ndugu akamutazama. "Watoto wanajua sauti gani ingine? Yako?" Akanigeukia. "Tonton, itaongea ao haitaongea?"

Hapo nikakumbuka. Askari walizoea kuingia studio bila hodi, wakigusa kila touche ya mashine. Kwa sababu yao, wasisikie sauti za watu, kila jioni tulishusha sauti zote mpaka sifuri kabla ya kuzima. Asubuhi mutu wa zamu anazipandisha. Siku ile umeme ulituvuruga, hakuna aliyepandisha. ALSA, sehemu ya Linux inayosimamia sauti, iliamuka vile tulivyoilaza. Pilote haikuwa na ugonjwa wowote. Nikafungua mixer, pahali pa kupimia sauti, nikapandisha.

Maman Nabintu akaita. Ndugu yake akakaa chini kwenye sakafu. Chef akavua kofia. Saa sita tukaipitisha hewani.

Juma halijaisha, katekista akawaleta wale watoto studio, miguu imevimba. Mukubwa, musichana wa miaka kama kumi, hakusalimia mutu. Aliangalia nyuma ya mulango.

"Maman iko wapi? Tumemusikia."

Mujomba wake, yule ndugu ya Maman Nabintu, tuliyekuwa tumemuita, akamushika mukono, wakatoka nje, na kilio nikakisikia ukutani.

Leo nimepumzika kazi. Wanaouliza kama tulifanya vizuri, nawaambia watoto wako wazima. Lakini hata sasa, radio ikiita jina la mutoto, ninaangalia nyuma ya mulango.

Niko na nyumba ya mbao Kadutu, shamba ya mihogo, mbuzi wane, fer mbili za kusoudé, kompyuta moja ya Linux. Sauti ya Maman Nabintu iko ndani yake, lakini siihesabu kuwa mali yangu. Ni ya wale watoto watatu.