Bi Nyuzi na Mtoto Wake wa Miaka Sitini na Sita

Zamani mgonjwa alijulikana kwa sura na ukoo wake, siku hizi anajulikana kwa namba, na namba ikimkana basi hayupo.

Nilikuwa tarishi wa hospitali miaka thelathini na moja, nikibeba mafaili kutoka masjala hadi kwa madaktari. Masjala ilikuwa chini ya mwanamke mfupi, mkali, tuliyemwita Bi Nyuzi. Kila faili alilifunga kwa uzi mweupe, ila mafaili ya pacha aliyafunga mawili pamoja kwa uzi mwekundu, ili daktari akimtazama mmoja amkumbuke na mwenziwe. Ungemtajia jina la baba yako tu, faili lingekuwa mezani hujamaliza kukohoa.

Kisha wakatuletea kompyuta na mtaalamu wake, bwana asiyevaa soksi. Kanzidata, alisema, ni kabati moja ambalo kila ofisi inalichungulia: mgonjwa mmoja, rekodi moja, namba moja. Maneno matamu. Wachapaji wake waliambiwa kila furushi lenye uzi ni mgonjwa mmoja, wakachapa wiki tatu. Hakuna aliyemuuliza Bi Nyuzi uzi mwekundu una maana gani. Yeye walikuwa wamempeleka semina, kujifunza kubofya.

Kulikuwa na pacha wawili, washona viatu, Mkubwa na Mdogo. Mkubwa alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Miezi mitatu baadaye Mdogo naye akaja na la kulia. La kushoto alilitoboa kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea viatu, tangu ujanani. Hili likizima, ndiyo basi.

"Mzee, jicho lako la kulia limeshapasuliwa," daktari alimwambia, macho kwenye skrini.

"Daktari, hebu nitazame."

"Nakutazama." Hata shingo hakugeuza.

"Aliyepasuliwa ni ndugu yangu, huyu hapa!"

"Humu mko mmoja."

"Kama tuko mmoja," akadakia Mkubwa, "mbona asubuhi tumegombania sabuni?"

Bi Nyuzi akamfuata mtaalamu. "Watenganishe hawa."

"Haiwezekani, mama. Nikimpa huyu namba mpya, mfumo unaona ukoo mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, mama mmoja, nyumba moja. Unamkataa. Ni marudio."

"Marudio! Mama yao alishikwa na uchungu siku mbili kwa ajili ya marudio?"

"Si mimi niliyeuunda, mama."

"Sasa nani anapewa namba bila kuhojiwa?"

Mtaalamu akafikiri. "Labda mtoto aliyezaliwa leo, hapahapa."

Juu ya skrini ya Bi Nyuzi palibandikwa onyo: atakayeingiza taarifa za uongo atafukuzwa kazi. Alilisoma, akalisoma tena, akaketi na kuchapa kwa kidole kimoja. Mtoto wa kiume. Amezaliwa leo. Uzito wa kweli wa Mdogo ulikataliwa. Akaupunguza hadi mfumo ukaridhika na kilo tano. Mfumo ukadai mama, tena aliye hai, mwenye namba. Akaweka namba yake. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Mdogo alipasuliwa Alhamisi. Walimlaza wodi ya watoto, miguu ikining'inia nje ya kitanda kuanzia magotini, na muuguzi akaja na matone ya chanjo kwa mujibu wa orodha. "Fungua mdomo, baba. Vizuri. Usiteme."

Uongo haukugunduliwa. Lakini kabati ni moja, na ofisi ya utumishi nayo ilichungulia. Bi Nyuzi akapokea barua ya pongezi, akapewa likizo ya uzazi, neno lake la siri likafungwa.

"Bosi," alimwambia mkuu wa utumishi, "mimi nimezaa lini?"

"Jumanne, saa nne asubuhi. Hongera sana."

Angekana, namba ya mwanawe ingefutwa, na dawa za jicho zingekatwa kabla kidonda hakijapona. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona akiikunja ile barua ya pongezi.

"Ahsante, bosi," akasema. "Anaendelea vizuri."

Likizo ilipokwisha, masjala ilikuwa stoo ya kompyuta mbovu na nafasi yake haikuwepo tena. Hakuna aliyemfukuza. Hawakumwona tu.

Mara ya mwisho niliwaona, yeye na Mdogo, kliniki ya watoto, maana mtoto asiyehudhuria, namba yake hufungwa. Walikaa kwenye benchi katikati ya wazazi wenye watoto mgongoni, Mdogo amenyoa ndevu kwa heshima ya mahali. Mama mmoja aliuliza lile tangazo la ukuta wa mbali linasemaje. Mdogo akalisoma palepale alipokaa, bila miwani, neno kwa neno: "Kila mzazi ambebe mwanawe hadi kwenye mizani."

Akamgeukia Bi Nyuzi.

"Usinitazame hivyo," akasema Bi Nyuzi.