Kanga Aliyefika Nyumbani Hai

Enzi zetu, lami iliishia Isiolo. Mliokulia mtaa wetu wa Wabera miaka ile mtakumbuka: ukivuka kizuizi cha polisi upande wa kaskazini, barabara iligeuka changarawe na vumbi, na malori ya Marsabit na Moyale yalianza kuyumba kama ngamia aliyefungwa mzigo vibaya. Kabla ya kufika Ngaremara kulikuwa na laga, mto mkavu unaokatiza barabara. Hapo kila lori lilipunguza mwendo, likashuka, likatikisika, likapanda ng'ambo. Magunia ya mahindi ya msaada hayakukosa matobo, kwa hiyo kila lori liliacha punje. Na palipokuwa na punje palikuwa na kanga.

Walikuwa wale wenye kifua cha bluu na kichwa kitupu kama cha tai. Walikuja kwa makundi, wakidonoa na kugombana kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Kanga hapendi kuruka. Ukimshtua anakimbia, na barabara ikiwa wazi mbele yake anakimbia papo hapo barabarani, mbele ya gari, akiamini miguu yake. Sisi tuliijua tabia hiyo kabla ya kujua jedwali la kuzidisha.

Jumamosi tukitoka duksi, pale tulipofundishwa Kurani, tulishika njia ya laga. Mfukoni nilikuwa na manati ya mpira wa tyubu, na mkononi kipande cha muwa kutoka kwa akina mama wa Kimeru waliouza karibu na stendi. Rafiki yangu Mwenda alitusubiri kizuizini. Baba yake alikuwa karani wa serikali, Mmeru na mtu wa kanisa, na nyumba yao ilipakana na yetu. Baba yangu alikuwa na lori. Babu yake, yaani mzaa babu yangu, aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza, akabaki, na sisi tukawa watu wa hapa.

Mimi na Mwenda tulikuwa na mapatano ambayo sijasikia mahali pengine. Mama hakukubali kupika ndege aliyechinjwa na mtoto, na aliyekufa bila kuchinjwa kwetu ni mzoga. Kwa hiyo kanga aliyeanguka akiwa hai alikuwa wangu, nimpeleke nyumbani achinjwe na mtu mzima. Aliyekufa palepale alikuwa wa Mwenda. Ndege akianguka tulitimua mbio wote wawili, mmoja akiomba apumue, mwingine akiomba asipumue.

"Huyo amekwisha," Mwenda alikuwa akisema kabla hata hatujafika. "Leta hapa."

"Bado anapepesa macho. Wewe ngoja."

"Huo ni upepo. Nyinyi watu wa msikiti mnakimbilia kanga kuliko mnavyokimbilia swala."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Sijawahi tena kucheka hivyo, na hilo ni sehemu ya tatizo langu ninapoandika haya.

Mwenda alikuwa na shabaha kuliko mimi, na alilenga kichwa. Mimi nilikuwa mtoto wa utaratibu. Niliona kwamba kichwa kinanipotezea kitoweo, nikapanga makopo nyuma ya choo, nikajizoeza kupiga chini, kwenye usawa wa miguu. Baada ya muda nikawa fundi. Kanga aliyevunjika miguu hakimbii, na kwa kuwa moyo na kichwa ni vizima, anaishi. Nilimtia kwenye gunia, akafika Wabera hai. Mama alisema nina akili. Baba, siku alizorudi kutoka Moyale akiwa mwekundu kwa vumbi, alinishika bega na kuwaambia wenzake, "Huyu amejua dini na amejua kuwinda."

Sheria ya nchi hatukuijua, na wakubwa wetu hawakuitaja. Miaka mingi baadaye, nikijisomea mwenyewe, ndipo nikajua kwamba uwindaji ulikuwa umeshapigwa marufuku nchini kabla hatujaanza shule, na kwamba ndege wachache, kanga akiwemo, waliruhusiwa kwa mwenye leseni tu. Leo hata mlango huo umefungwa. Ukikutwa na nyama ya ndege wa mwituni, kusema aliuawa na gari hakukutoi mashakani. Lakini hata kama ningeijua sheria wakati ule, nadhani ningeikwepa kirahisi. Tulikuwa na sheria yetu, na tuliitii kwa uangalifu mkubwa. Hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Ramadhani moja baba alirudi safari na kuwaalika wageni kufuturu: wenye malori wawili, na Maalim wetu wa duksi. Kwa baba ilikuwa jambo zito. Kulikuwa na maneno mjini kwamba watu wa malori wanakula chochote njiani na kuswali wakikumbuka, na alitaka Maalim aione nyumba yake ilivyo. Nilikwenda laga alfajiri, nikarudi na kanga watatu kwenye gunia, nikawaweka kivulini nyuma ya pipa la maji. Baba aliamka alasiri, akawachinja wawili. Wa tatu tulimwacha kwa ajili ya daku. Mama aliwapika kwa nyanya na bizari, na harufu ilipita ukuta hadi kwa akina Mwenda.

Adhana ilipolia tulifungua kwa tende na maji. Maalim akaenda nyuma kutawadha kwenye pipa. Alikawia. Aliporudi alikuwa amembeba kanga mikononi, na miguu ya yule ndege ilining'inia kama uzi. Mdomo ulikuwa wazi kwa kiu. Alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwenye maji kutwa nzima.

Maalim akamuuliza baba, taratibu kabisa, "Nani amemvunja huyu?"

"Kijana," baba akasema, na mwanzoni alikuwa bado anatabasamu. "Anawapiga miguu ili wafike hai, Maalim. Tuchinje kihalali."

"Kwa hiyo mmemvunja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Baba akaacha kutabasamu.

"Sisi tumeambiwa tusinoe kisu mbele ya mnyama," Maalim akasema. "Huyu amekaa na kisu tangu asubuhi."

Akaomba kisu, akatoka uani, tukasikia akisoma bismillah. Aliporudi alinawa mikono, akatuswalisha, kisha akaketi na kunywa uji. Sinia ya kanga ilikuwa mbele yake. Baba alijaribu kumsogezea.

"Maalim, ni haramu? Sema, tujue."

"Sijasema ni haramu. Nimesema siwezi kula."

Hakuwa amesema hivyo kabla, lakini hakuna aliyemkosoa. Wale wenye malori walirudisha mikono, mmoja akajifanya ameshiba tende. Chakula kikapoa katikati ya mkeka, mafuta yakaganda pembeni mwa sinia. Nyuma ya pazia mama hakutikisika. Niliuangalia uso wa baba, mtu aliyeweza kulala chini ya lori jangwani bila woga, na nikaona hajui auelekeze wapi.

Nilisubiri kiboko. Hakikuja. Asubuhi aliniita garini, akanikalisha kwenye kiti cha turniboi, msaidizi wake wa safari. "Mimi ndiye niliyekusifu," akasema. Alichukua manati yangu, akakata mpira, akautumia kufungia kopo la mafuta.

Nilimsimulia Mwenda nikitaka anionee huruma. Alitafuna muwa, akatema makapi. "Mimi nilikuwa nalenga kichwa," akasema, "mkanicheka eti najua kuua tu."

Ningependa kuandika kwamba siku ile nilimhurumia kanga. Sikumhurumia. Nilikuwa na aibu kwa sababu baba aliaibika mbele ya watu, na kwa miaka mingi nilimkasirikia Maalim. Ndege mwenyewe alinifikia polepole, nikiwa mtu mzima, siku moja ya saumu nilipokuwa na kiu na pipa lilikuwa karibu.

Baba hakula tena kanga. Kila alipokaribia laga alipiga honi ndefu, kutoka mbali, mpaka ndege wote waingie vichakani, ndipo ateremke. Madereva wengine walimcheka, wakamwita askari wa kanga. Aliendelea hadi alipouza lori.

Siku hizi lami imefika Moyale. Laga imewekewa daraja, na magunia hayatoboki. Vijana wetu wanaijua sheria. Mwanangu aliye sekondari anaweza kukutajia adhabu ya kukutwa na nyama ya porini, na kanga anaye kwenye simu, picha nzuri sana. Hajawahi kusikia sauti yake. Hajamvunja ndege yeyote mguu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini magari yanapita pale kwa kasi ambayo sisi tungeiita wazimu, na anayegongwa anabaki kwenye lami. Hakuna anayesimama kumtazama kama amekufa au bado anapepesa macho. Sisi tulisimama, ingawa kwa sababu mbaya.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakwenda Ngaremara, mimi na mwanangu huyo. Tulipolikaribia daraja mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye honi, nikaibana kwa muda mrefu.

"Baba, unapigia nani honi? Barabara iko tupu."

"Kuna kanga hapa," nikasema.

Alishusha kioo, akatoa kichwa, akaangalia upande wake wote, kisha upande wangu. Alitafuta kwa dhati, kwa sababu nilikuwa nimesema mimi. Halafu akapandisha kioo kimya kimya, kama mtu anayeficha kosa la mzazi wake.