Lori Lililoitwa Mke Mwenza

Tangu wamzike mkewe, Tani Saba hakuwa na safari. Kutoka kitandani mpaka kibarazani, kutoka kibarazani mpaka kitandani. Jina alilipata kazini, kwa lori la tani saba alilobebea saruji mpaka mvi zikamwota, na kustaafu hakukumvua jina hilo. Watoto walimbembeleza atoke, anyooshe miguu. Akawaambia miguu imenyooka.

Ndipo binti yake mkubwa akaja na habari. Lori lake halikuuzwa chuma chakavu kama alivyodhani. Liko kwenye makumbusho ya magari na ndege za zamani, yale ambayo kila kilichomo lazima kiwake na kitembee.

"Linaendeshwa?" aliuliza.

"Kila wikendi, baba. Watu wanapandishwa, wanazungushwa uwanjani."

"Na nani?"

"Na dereva, baba. Na nani mwingine?"

Siku ilipofika, alikuwa na viatu miguuni kabla binti hajaja kumchukua. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: kuushika ule usukani, hata mara moja, hata kwa mwendo wa kobe. Mkewe kaenda. Hicho kilichobaki hakuwa tayari kumwachia mtu.

Makumbusho yenyewe yalikuwa banda refu la mabati, sakafu imesuguliwa mpaka inateleza, harufu ya oili na rangi mbichi. Nje, kwenye nyasi, palisimama ndege ndogo yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Fundi wa kike aliyevaa ovaroli alishika panga la feni ya mbele, akalivuta chini, akaruka nyuma. Ndege ikakohoa. Akavuta tena. Ikakohoa, ikatema moshi, kisha ikashika, nyasi zote zikalala. Watu wakapiga makofi.

"Hii imewakuta babu zetu," fundi alisema kwa fahari. "Kikiharibika kitu, tunachonga kingine."

Tani Saba hakupiga makofi. Mkewe naye alikohoa. Hospitali wakasema ni umri. Leo anamwona bibi huyu wa chuma, mkubwa kuliko mama mkwe wake, kakohoa mara mbili kapona. Roho ilimwuma. Akaipa ndege mgongo.

"Twende kwenye lori," alisema.

Lori walikuwa wamelipaka kijani. Enzi zake lilikuwa la buluu, na buluu yenyewe huioni kwa vumbi la saruji. Kwenye usukani alikaa mwanamume wa makamo, kofia kaigeuza kisogoni, kiwiko nje ya dirisha kama mwenye nyumba. Wenzake walimwita Kofia.

"Samahani kaka," binti alisema, "huyu baba yangu ndiye aliyekuwa akiliendesha."

Kofia akateremka mbio, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili. "Shikamoo mzee wangu. Kumbe ndiye wewe. Hili lori ulilifunza adabu, halijawahi kunisumbua."

Afadhali angemtukana. Kofia alipopanda kuliwasha, Tani Saba aliomba moyoni likatae. Likawaka papo hapo. Akaomba gia ilie. Enzi zake gia ya pili ilikuwa inalia kama mbuzi usipoibembeleza. Kofia akatia ya kwanza, akatia ya pili, lori likateleza mpaka mwisho wa banda na kurudi, kimya. Halina haya, mzee alijisemea. Miaka yote ile, na halijifanyi hata kunikumbuka.

"Sisi tunamwita Bibi," Kofia alisema toka dirishani. "Nyie mlimwitaje?"

Binti akamtazama baba yake. Alijua. Mama yake alikuwa akipanda lori hilo siku likipita njia ya kwao, na kila akitaka kupanda aligonga mlango kwanza. "Hujambo, mke mwenza? Leo tugawane." Wapakiaji walicheka mpaka wakaangusha mifuko. Jina likashika karakana nzima.

"Lori," alisema Tani Saba. "Tuliliita lori."

Binti akainamisha uso.

"Haya, teremka niendeshe."

Kofia akakuna kisogo. "Hapo utanisamehe, mzee wangu. Hapa asiyepimwa macho hagusi usukani. Hata mkurugenzi hukaa pembeni."

"Macho yangu mazima."

"Nimevaa kofia ya rangi gani?"

"Ya mwizi wa magari."

Kofia alicheka mpaka akaegemea usukani. Hakukasirika, na hilo nalo likamuudhi mzee. "Panda pembeni. Nikikosea nizabe kofi."

Alipanda kwa sababu binti alimsukuma. Kiti hicho hakuwahi kukikalia. Kilikuwa cha mkewe. Kofia akikanyaga klachi, na mguu wa Tani Saba unakanyaga hewa.

Kona ya kwanza, Kofia akageuza uso akamtazama, kisha akarudisha macho njiani. Kona ya pili, akamtazama tena.

"Unanitazama nini?"

"Sikutazami wewe, mzee. Natazama kioo cha upande wako."

Jibu hilo lilikuwa la Tani Saba mwenyewe, enzi zake. Mkewe alikuwa akimwambia, "Unanitazama nini wewe, tazama njia," naye akijitetea kwamba ni kioo. "Haya, kioo," mkewe alisema, huku anatengeneza kitambaa chake kichwani.

Akageuka kukitafuta kioo. Kilikuwa nje ya dirisha, usawa wa shavu lake. Huwezi kukitazama bila kumpitia aliyekaa hapo. Kumbe njia nzima, kila kona, mke wake alikuwa akitazamwa. Na kila kona alikuwa akitengeneza kitambaa.

"Taratibu," alimwambia Kofia. "Kona usizikate."

Waliporudi, wageni wengine walikuwa wakingoja zamu. Mbele yao mwanamke wa makamo, mumewe kamshikia mkoba, wanacheka la kwao. Mwanamke akaweka mguu kwenye kidaraja cha mlango.

"Shikamoo baba. Ni zamu yetu."

"Marahaba. Nyuma kuna nafasi."

"Baba, shuka," binti aliita toka chini. "Hata ukikaa humo mpaka kesho, usukani hawakupi."

"Nani kataka usukani?" Akauvuta mlango, akaufunga kwa ndani, akamgeukia Kofia. "Zunguka tena, kijana."