Salama, Ila

Nianze na kosa langu, maana wanaonijua wanajua sina subira ya kuzungukazunguka. Kaka yangu alinipigia simu kutoka Haneti saa nne asubuhi, akasema, "Salama, ila," simu ikakatika. Mimi nikamalizia chai yangu. Mengine yote nitakayosimulia hapa ni maelezo tu, na maelezo hayajawahi kumfufua mtu.

Tulikuwa kampuni moja, kampuni ndogo ya kuchimba visima pale Dodoma mjini, enzi zile kila mtu anafungua kampuni na kila kampuni inajiita ya kisasa. Kaka alikuwa mkuu wa kikosi cha uchimbaji. Mimi nilikaa ofisini kwenye simu ya upepo, ile redio ya mawasiliano yenye kipaza sauti cha kubonyeza, waya wake umetoka dirishani mpaka juu ya mwarobaini wa uani. Miaka sita nilikalia kile kiti. Saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, vikosi vyote vilikuja hewani kimoja baada ya kingine, na kila kambi ilisikia habari za mwenzake. Kikosi kisipoitika, wengine wanauliza kulikoni. Na mtu akimaliza kusema lazima aseme "ova". Kabla ya ova, huna ruhusa ya kufungua mdomo wala kuondoka kitini, kwa sababu mwenzako hajamaliza.

Kaka alilizoea neno hilo mpaka akawa anatembea nalo. Akija nyumbani Zuzu, mama akitaka kumwongeza ugali, yeye anasema nimeshiba, ova. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza sokoni, alidhani ni Kiingereza cha kushukuru. Akaanza kuwaambia majirani ova wakimpa chumvi.

Mwaka ule kikao cha Bunge kilianza na mji ukajaa waheshimiwa wenye simu kiunoni. Bosi wetu alikwenda hotelini kutafuta kazi ya visima kwa mheshimiwa mmoja, akaomba kutumia simu ya mapokezi, akachekwa. Basi! Alirudi ofisini amenuna, akaniambia ndani ya wiki mbili nimchagulie simu za mkononi za vikosi vyote, na hiyo takataka yangu ya upepo itauzwa. Kwa nini mimi? Eti kwa sababu mimi ndiye mtu wa mawasiliano.

Sitasema uongo, nilifurahi. Sikio langu la kulia lilikuwa limechoka na ile mikwaruzo. Nami nilitaka simu kiunoni kama watu.

Wauzaji walikuja wawili. Wa kwanza alitoka Dar es Salaam na tai yake, vumbi la Dodoma likamgeuza kichuguu kabla hajafika mlangoni. Kila neno la tatu kwake lilikuwa kavareji, yaani mtandao unafika wapi. Alinitandikia ramani iliyopakwa rangi nyekundu mkoa mzima, mpaka maeneo ambayo hata mbuzi hawajayagundua. Wa pili hakuwa na ramani, alikuwa na kalenda na fulana, na simu zake zilikuwa rahisi. Nikawauliza wote wawili, Haneti je? Wote wakasema inapatikana. Nikawaambia wanipe simu moja moja, nitakwenda kuona kwa macho yangu, maana mimi si mtoto wa kudanganywa na rangi nyekundu.

Nikapanda lori letu lililokuwa linapeleka mabomba, simu moja kila mkono, macho kwenye vile vijiti vya kuonyesha nguvu ya mtandao. Tulipofika Chamwino zote mbili zilikuwa hai. Mbele kidogo ya hapo, ya kalenda ikafa. Ya ramani ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mpaka tulipoingia kambini kwa kaka huko porini, kilomita nyingi kutoka barabara kuu, nayo ikakata roho. Kaka akaichukua mkononi mwangu, akapanda kilima kilichokuwa nyuma ya kambi. Baada ya nusu saa tukamwona juu kabisa, anapunga kofia. Vijiti viwili! Nikapanda na mimi, nikihema kama mbwa, nikampigia bosi kutoka pale juu. Bosi alifurahi mno, akaniita mtaalamu.

Kaka alikuwa amekaa juu ya jiwe ananitazama. "Kwa hiyo mimi kila nikiwa na neno nipande huku?"

"Neno lenyewe mara moja kwa siku, kaka. Ni mazoezi."

"Na siku ya shida?"

"Siku ya shida utapanda haraka zaidi," nilimjibu, tukacheka wote wawili.

Nilicheka. Nakumbuka mpaka meno yangu yalivyokauka kwa upepo wa pale juu.

Bosi alitaka taarifa ya ukurasa mmoja. Nikaorodhesha maeneo yetu yote, na mbele ya Haneti nikaandika neno moja: inapatikana. Kalamu ilisita kidogo. Nilifikiria kuongeza "juu ya kilima". Lakini nilimjua bosi, angeona kilima angeahirisha mambo yote, na mimi ningerudi kwenye mikwaruzo yangu. Nikaweka nukta. Hakuna aliyenidanganya. Wale wauzaji walisema uongo wao, nami niliuona, nikautia sahihi.

Simu zikaja. Simu ya upepo ikauzwa kwa watu wa Singida, waya ukabaki juu ya mwarobaini, mfagizi akawa anaanikia madekio yake. Nikatunga masharti. Kila mkuu wa kikosi simu moja na vocha moja ya kukwangua kwa wiki. Simu asiguse mtu mwingine, isije ikaharibiwa. Na kwa kaka yangu nikaongeza sharti la peke yake: aache kusema ova. Siku moja alilisema simu ikiwa karibu na sikio la mgeni wa bosi, mgeni akacheka. Nikamwambia, kaka, hii si ile redio yenu, unaniaibisha. Akasema sawa, mdogo wangu, akaacha.

Salamu sikuziwekea sharti. Ningewezaje? Yule ni kaka yangu mkubwa, nipokee simu nisimpe shikamoo? Na ninyi mnajua habari inavyotoka mdomoni mwetu. Mtu nyumba yake imeungua, ukimuuliza habari za nyumbani atakuambia nzuri, salama kabisa, ila nyumba imeungua. Ubaya hautangulii mlangoni. Kwenye simu ya upepo salamu zilikuwa bure, unasalimia ng'ombe na kuku wote na bado ila inasubiri zamu yake. Kwenye simu ya mkononi kila marahaba ilikuwa inakula vocha. Hilo nililiona tangu wiki ya kwanza, nikaona ni la kuchekesha. Kaka alikuwa anakatika katikati kila mara. Salama, ila sukari imekwisha. Salama, ila dizeli. Salama, ila hawa vijana wanataka soksi. Nikawa namtania kwamba ila zake zitaifilisi kampuni.

Basi siku hiyo saa nne simu ikalia, nami nimeshika chai. Nikampa shikamoo, akaitikia. Alikuwa anahema sana, nikajua ni kilima. Nikamuuliza habari za kambini, akasema nzuri. Vijana? Wazima. Kazi? Inakwenda. Na mvua, imewagusa huko? Mungu wangu, nilimuuliza mvua! Akasema bado. Na wewe mwenyewe, kaka?

"Salama, ila—"

Ikakatika.

Nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili kwamba hiyo ni sukari. Lori lilikuwa uani, limeshapakiwa mabomba ya kwenda Haneti kesho yake, dereva anafuta kioo. Nilikuwa namwona dirishani. Nikamaliza chai, ndipo nikapiga, mara moja tu. Yule mama wa kwenye mashine akaniambia namba haipatikani. Nikasema ah, ameshashuka. Nikaendelea na kazi zangu, na nilikula mchana vizuri.

Yaliyokuwa yametokea nilikuja kuambiwa na vijana wake. Alfajiri alikuwa anainua bomba, kifutu aliyelala chini yake akamgonga kwenye kifundo cha mguu. Nyoka yule hana haraka, anakupa saa zako, lakini ni za kukimbilia hospitali, si za kukaa. Vijana walitaka kumbeba palepale mpaka barabarani wakabahatishe gari. Yeye akakataa. Akasema mdogo wangu yuko ofisini na lori lipo uani, nikimpigia litakuwa hapa mchana. Kijana mmoja akaomba apande yeye, kaka akamwambia simu hii haishikwi na mtu mwingine, ni sharti la ofisi. Akakata fimbo, akapanda kile kilima kwa mguu ule. Mara ya kwanza kilimchukua nusu saa. Siku hiyo, walisema, jua lilikuwa limeshapanda sana alipofika juu.

Akanipigia, nikamuuliza mvua.

Na aliposhuka, vijana wakamuuliza kama amenipata. Akawaambia amenipata, vocha imekwisha lakini ila ameisema, na mimi si mjinga, nitakuwa nimeelewa. Basi wakamlaza chini ya turubai, wakasubiri lori. Walisubiri mpaka saa tisa. Kila kishindo walidhani ni sisi. Ndipo wakakata miti miwili, wakafunga blanketi, wakambeba mpaka barabarani, wakapata lori la mkaa. Jua linazama ndiyo wanaingia naye hospitali, na mtu akaja mbio ofisini kuniita.

Ule mguu sitaueleza. Nilimshika daktari koti, nikamwambia akate, akate mguu, akate na wangu kama unafaa. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sina. Niliapa nitarudisha ile redio hata kwa kuibeba kichwani kutoka Singida, nikawa nasema hivyo kwa sauti pale ukumbini, watu wananitazama. Daktari hakunigombeza. Alisema tu mgonjwa amecheleweshwa, na sumu imeshakwenda mbali. Amecheleweshwa. Nilitaka aniulize na nani, hakuniuliza.

Kaka alifungua macho, akanitafuta. Nikampa shikamoo, ndiyo, hata pale, mdomo ulijisemea wenyewe. Aliitikia. Nikamwambia kaka, nisamehe, simu ilikatika. Akakusanya pumzi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alisema kama mtu anayeshangaa tu.

"Mdogo wangu, mimi nilikuwa sijasema ova."

Hakusema neno lingine la maana kwangu. Kesho yake kabla ya saa sita alikwisha.

Majuto ni mjukuu, wanasema watu. Wangu alikuja kabla sijazaa, na amekataa kuondoka. Lakini siku hiyo hata kujuta sikuwa na nafasi, kwa sababu mama alikuwa Zuzu na hajui lolote. Zuzu hakukuwa na simu ya kumpigia, na hata ingekuwepo, nani angepiga? Bosi alitaka kumtuma mtu. Nikakataa. Akanipa lori, lile lile, mabomba ya Haneti bado yamo mgongoni, na njia nzima yaligongana. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema. Mama, kaka amefariki. Mama, kaka hatunaye. Niliyasema kwa sauti, dereva akayasikia yote, akawa anafuta macho kwa mkono mmoja. Niliapa nitaanza na lile neno lenyewe. Hakuna salamu, hakuna nzuri, hakuna habari ya mvua. Angalau mara moja katika maisha yangu ningeuweka ubaya mbele.

Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Aliona lori, akaweka ungo chini, akajifuta makapi usoni kwa upande wa kanga. Akatabasamu, maana lori la kampuni kwake lilikuwa na maana moja tu, mwanawe wa kiume amekuja kula. Alichungulia upande wa pili wa dereva. Nikashuka, nikapiga goti, nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

Nilikuwa na neno langu tayari mdomoni. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Salama, mama."

Nikakwama hapo. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Nilibaki nimepiga goti kwenye makapi ya mtama, dereva ameinamia usukani. Mama hakuuliza habari za kazi. Hakuuliza mvua. Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akashuka chini taratibu, akakaa ardhini mbele yangu, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wanawake msibani.

"Ila nini?" akaniuliza.