Mama Tumefika na kona ya Igogo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Igogo. Mvua imekatika, lakini barabara inayoshuka kutoka kwenye nyumba za mlimani, zile zilizojibana katikati ya majabali, bado inameremeta. Maji yameacha mchanga pembeni, mwembamba kama unga uliomwagika. Kule chini ziwa halionekani kwa ukungu.

Sabina Kashindye anashuka na pikipiki. Nyuma yake amekaa mama wa makamo mwenye beseni la vitunguu mapajani.

Wakikaribia kona ya kwa Obedi, fundi wa kuchomelea madirisha, Sabina anaachia mafuta. Vidole vya mkono wa kulia vinaibana breki ya mbele taratibu, mguu wa kulia unagusa ya nyuma. Pikipiki inapunguza mwendo ikiwa bado wima, kabla hata haijaanza kugeuka.

"Tumefika?" anauliza yule mama, akianza kukusanya kanga yake.

"Bado, mama. Ni kona tu."

"Heh! Kona ndiyo unaipisha hivi, utadhani tumekutana na msiba?"

Sabina anacheka. Anaachia breki, anailaza pikipiki kidogo, na wanapita juu ya ule mchanga kimya kimya, vitunguu vyote vikiwa ndani ya beseni.

Karibu kila abiria mgeni humuuliza swali hilo, na waendesha bodaboda wenzake walishalisikia siku nyingi. Ndiyo maana kijiweni hakuna anayemwita Sabina. Wanamwita Mama Tumefika.

"Mama Tumefika, huyo abiria wako ameshuka kona ngapi leo?" anamtania Nestory, jirani yake wa kijiweni, mara tu anapoegesha.

"Ameshuka moja tu, kwake. Wa kwako je, alishukia mtaroni?"

Kijiwe kizima kinacheka. Nestory naye anacheka, ila anakuwa wa kwanza kuacha na kuinamia pikipiki yake.

Sabina, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, hakuota kuwa dereva wa bodaboda. Alikuwa muuza dagaa, na kila asubuhi Nestory ndiye aliyembeba binti yake wa pekee, Queen, kumpeleka shule. Walikuwa majirani, na mtoto alimpenda kwa sababu alimruhusu kupiga honi.

Masika ya mwaka juzi, kwenye kona hiyohiyo ya kwa Obedi, Nestory aliingia na mwendo wake wa kila siku. Pikipiki ikiwa imeshalala, mbele yake ukatokea mkokoteni wa magunia. Akakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote. Tairi la nyuma likakimbilia pembeni kama sabuni iliyoponyoka mkononi, na wote wawili wakaenda chini.

Breki ya mbele ilikuwepo, lakini haikuwa na kazi. Waya wake ulikuwa umelegezwa.

"Hapa kijiweni tuliamini ya mbele inakurusha," anaeleza Nestory, akiuminya mkono wa breki wa pikipiki yake iliyoegeshwa. "Ukipata chombo, kitu cha kwanza unampelekea fundi akulegezee. Tuliiita pambo. Sikujua kwamba ya nyuma peke yake, ukiikanyaga ukiwa umelala kwenye kona, inakutupa vilevile."

Queen alivunjika mkono. Alikuwa na miaka sita.

Bibi yake, Rose Mhoja, alikuja kutoka Magu kumwuguza, kisha akaondoka naye ili mama mtu apate nafasi ya kurudi kwenye biashara. Ilikuwa iwe likizo moja. Mkono ukaunga, plasta ikatolewa, shule zikafunguliwa. Queen akagoma kurudi Igogo. Alijua kuwa kwenda shule ni lazima apite ile kona, na kila pikipiki iliyopita alijificha nyuma ya bibi yake.

"Aliniambia kwenye simu, 'Mama, nitapanda ukiniendesha wewe,'" anasema Sabina. "Labda alisema tu kwa vile alijua siwezi. Mimi nilikuwa najua baiskeli peke yake. Lakini neno la mtoto wako likishakuingia, utalipeleka wapi?"

Akamwendea Nestory. Si kugombana naye, kugombana walishamaliza. Alitaka amfundishe.

Jumapili baada ya Jumapili wakawa wanakwenda kwenye uwanja mtupu upande wa Nyegezi. Nestory alikuwa ameshakaza waya wa breki yake. Alipanga mawe kuwa kona na kumfundisha kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa akijifunza upya: punguza mwendo kabla, pikipiki ikiwa bado wima, kwa breki zote mbili. Ukishaanza kugeuka, ziachie, ubaki na mwendo mdogo unaoutosha mkunjo. Kitu kikitokea katikati ya kona, usikanyage kwa hasira. Inyanyue kwanza ikae wima, ndipo ufunge breki.

Kosa kubwa la Sabina lilikuwa mkono. Kila akiogopa, aliinyakua breki ya mbele, na pikipiki ikainama ghafla kama inayotaka kumtema.

"Nestory alinifokea mpaka akakauka koo. 'Taratibu, Mama Queen! Taratibu!' Sasa taratibu ndiyo ikoje?" anasimulia. "Mpaka siku moja nikakumbuka ng'ombe."

Kwao Magu walizaliwa wasichana tu, kwa hiyo kukamua, kazi ambayo kwa jirani ilikuwa ya wavulana, kwao iliwaangukia wao. Ng'ombe, anasema, hanyakuliwi. Unashika kwanza ajue upo, kisha unabana kidogo kidogo mpaka maziwa yaje. Ukimbana ghafla, anakupiga teke na ndoo inamwagika.

"Nikamwambia Nestory, kumbe unataka nikamue! Akasema sijui mambo yenu ya ng'ombe, wewe fanya. Nikakamua. Pikipiki ikatulia." Leo hata vijana wa kijiweni wakifundishana husema "kamua", na wengi wao hawajawahi kushika chuchu ya ng'ombe.

Nestory hakumdai chochote. Na kwa muda wote ule hawakuitaja siku ya mkokoteni hata mara moja.

Sabina alipata leseni, akapewa pikipiki ya mtu ya kuendesha kwa hesabu anayompelekea mwenyewe kila siku, na dagaa akaziacha. Siku za kazi hubeba watoto wa watu. Jumapili hutoka mapema kwenda Magu kumbembeleza wa kwake.

Mwanzoni Queen alikubali kukaa tu, pikipiki ikiwa imezimwa. Kisha akakubali njia iliyonyooka. Lakini kila walipofikia mkunjo alipiga kelele, "Niteremshe!" Sabina anasimama. Mtoto anashuka, anaitembea kona kwa miguu na kofia yake ngumu nyekundu ya pikipiki kichwani, anamsubiri mama yake upande wa pili, anapanda tena.

Majirani walipita wakishangaa. Bibi Rose hakumharakisha.

"Nilimpokea hapa na plasta mkononi," anasema bibi huyo. "Kumrudisha kwa kumvuta, hapana. Siku akizipita kona zote mpaka lami bila kushuka, nitamfungia nguo zake mwenyewe. Si kwamba nampenda kuliko mama yake. Nataka aende akiwa anacheka."

Kutoka nyumbani kwa bibi mpaka barabara ya lami kuna kona tatu. Ya kwanza iko kwenye uzio wa minyaa. Jumapili iliyopita Sabina alianza kupunguza mwendo mbali zaidi ya kawaida. Akasikia mikono midogo ikimkaza tumboni na ile kofia ikimgonga mgongoni. Akasubiri "niteremshe".

"Mama, umefunga breki?" ikaja sauti.

"Nimefunga."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, mwanangu."

"Haya. Geuka."

Wakageuka. Sabina anasema hakuthubutu kutazama nyuma. Kwenye kona ya pili Queen aliomba kushuka, akaitembea, na mama yake hakumlaumu. "Nilikuwa nataka kulia na kuimba kwa pamoja. Kona moja inatosha kwa Jumapili moja."

Shule zinafunguliwa Januari. Sabina ameshauliza nafasi kwenye shule ileile ya zamani. Chumbani kwake, juu ya majabali, kitanda cha mtoto kinatandikwa kila asubuhi ingawa hakuna aliyelala, na pembeni yake kuna msumari alioupigilia ukutani kwa ajili ya kofia nyekundu.

Jioni, akirudi nyumbani bila abiria, huifikia kona ya kwa Obedi na kupunguza mwendo vilevile, kana kwamba kuna mtu nyuma. Obedi huinua miwani yake ya kuchomelea na kumpungia mkono.

"Kutwa nzima naulizwa 'tumefika?' na nawajibu bado, bado," anasema Sabina, akitazama kiti kitupu cha pikipiki. "Nataka niipite hii kona na Queen nyuma yangu, nipande naye mpaka mlangoni kwangu, nizime pikipiki. Aniulize yeye. Nimjibu ndiyo."