Mkanda Uliomnyima Mama Uzi Usingizi

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, na Mama Uzi anapita kando ya matete akikagua nyavu. Katika wavu wa mwisho amenasa ndege mdogo wa kahawia. Anamnasua taratibu, miguu kwanza, mabawa baadaye.

Kazi yake ni kuwavisha ndege wahamaji pete mguuni na kifaa mgongoni, chepesi kuliko kifungo cha shati. Kifaa hakitumi habari za safari, kinazihifadhi tu. Ndege asiporudi, habari zimekwenda naye.

Zamani alikuwa fundi cherehani, na mtafiti wa ndege alimchukua kwa wepesi wa vidole vyake. Mwaka jana alipima mikanda ya vifaa akaikaza barabara, isicheze. Kumbe ndege wale walikuwa wamekondeana kwa safari, na kabla ya kuondoka tena hula hadi wakanona.

“Nilimshonea suruali mtu mwenye njaa,” anasema. “Akishiba itamkaba. Naambiwa hayo, ndege wameshaondoka. Mwaka mzima najiona muuaji.”

Mumewe alijaribu mzaha: “Mbona mimi nikichelewa kurudi hukondi hivi?” Mkewe hakucheka.

Leo anasoma namba ya pete, kisha anairudia. Ni ndege wake wa mwaka jana. Anapuliza manyoya ya mgongoni: hakuna kifaa, hakuna mkanda, hata kovu hakuna.

“Huyu nilimfunga mwisho. Nailoni ilikuwa imeniishia, nikaunga mkanda kwa uzi wa pamba wa cherehani. Pamba huoza.”

Mtafiti, aliye kando yake, anashusha pumzi. “Habari za mwaka mzima zimepotea, dada.”

“Zimepotea. Ndege kapona.”

Anaomba huyu asifungwe tena, na mtafiti anakubali. Kiganja kinafunguliwa, ndege anapotelea kwenye matete. Mama Uzi anacheka, machozi yanamtoka, wala hajifichi. Kisha anageuka kuzitazama nyavu. Ndege wengine wote wa mwaka jana aliwafunga kwa nailoni, na hakuna aliyeonekana hadi sasa.

Msimu huu mikanda yote ni ya pamba nene, ya kudumu safari moja kisha ioze, na anaacha nafasi ya kunona. Nyavu atazitega hadi ndege wa mwisho apite.

Mfukoni ana mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. “Nautembeza kila asubuhi,” anasema. “Atakayerudi na mkanda wangu, kwanza namkatia apumue. Kifaa tutakiokota chini.”